Kamba wa Tatu

Wavuvi wa Mto Karrawin wamenibandika jina la Polisi wa Chambo, na hawanibandiki kwa mapenzi. Kwa miaka sita nimewakera gatini, dukani wanakonunulia ndoana, hata siku moja mazishini, nikirudia maneno yale yale: kamba mbichi wa dukani ni wa sufuriani, si wa ndoana. Wanakuja wamegandishwa kutoka ng'ambo, na baadhi yao wamebeba kirusi cha madoa meupe. Ukimla huyo kamba hudhuriki hata chembe. Lakini ukimtundika kwenye ndoana ukamtupa mtoni, akanyofolewa na kaa au na kamba wa mtoni, umeshauambukiza mto, na mto hauna daktari.

Nayasema haya kwa sababu niliyaona. Nilikuwa kusini, nikimfanyia kazi Trudi Zillmann kwenye mabwawa yake kumi na moja ya kamba. Asubuhi moja tulikuta kamba wamejisogeza ukingoni, wamekuwa wekundu, wanaogelea ovyo kama walevi. Nikamshika mmoja. Gamba lake lilikuwa na madoa meupe, madogo, kama mtu kamnyunyizia chumvi. Siku ya nne amri ikaja kwamba tuue kila kilichomo, bwawa hadi bwawa, ugonjwa usifike mbali zaidi. Klorini niliimwaga kwa mikono yangu hii. Bwawa la kamba huwa halinyamazi, daima kuna anayerukaruka, na ukilizoea husikii tena. Nilisikia siku ile liliponyamaza. Trudi alikaa kwenye tope akiwa na buti zake, hakuinuka mpaka jua likazama.

Alihamia huku kaskazini akaanza upya, nami nikamfuata, maana Karrawin ndiko kwetu na baba yangu bado yuko hai. Baba anaitwa Alwyn Threlkeld. Ana miaka themanini na mitatu, arobaini kati yake aliimaliza kwenye kiwanda cha sukari, na ni bahili asiye na mfano. Hatupi kipande cha uzi. Ana friza yake kuukuu bandani, ya chambo, na humo huwa hatii mkono mtu mwingine. Chambo hajawahi kununua. Anakwenda mchangani maji yakipwa, anasukuma bomba lake la mkono kwenye vishimo, ananyonya kamba wadogo wa mchangani, waliozaliwa mto huu huu. Ndivyo inavyotakiwa. Nilikuwa nikimtaja kama mfano kwa wengine.

Sasa nisimulie kosa, na nilisimulie kama lilivyo, bila kujipaka mafuta.

Krismasi kwetu ni joto la kuchemsha ubongo, na ni kamba. Kamba wasioliwa wakikaa kwenye pipa la taka, jioni jirani wa mtaa wa tatu anakujua. Kwa hiyo kila nyumba ina desturi moja: masalia ya kamba unayafunga kwenye mfuko, unayagandisha, unayatoa asubuhi ya gari la taka. Hakuna friza Karrawin mwezi wa Disemba isiyo na mfuko wa uchafu uliolala ubavuni mwa aiskrimu. Mwaka ule wifi yangu alikuja kutoka mjini na kamba wa dukani, wabichi, wamekwisha menywa, bei ya kutupa. Nusu tukawachoma. Nusu wakasahauliwa juani mezani, wakawa si wa kula tena. Nikawafunga kwenye mfuko mweupe nikaupeleka jikoni. Friza ilikuwa imejaa nyama na barafu, hata kijiko kisingeingia. Nikatoka nao bandani, nikausukuma ndani ya friza ya Baba, nikarudi kunywa bia yangu. Mganga hajigangi. Hata sikujiuliza.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, nikasikia gari la taka likiunguruma juu ya kilima. Nikaenda bandani kuutoa mfuko. Haukuwapo. Baiskeli ya Baba haikuwapo, ndoo yake haikuwapo, na lile bomba la kunyonyea kamba lilikuwa limening'inia palepale ukutani. Nilitazama lile bomba nikajua amechukua chambo gani.

Simu yake ilikuwa juu ya meza ya jikoni, mahali inapoishi. Nikapiga hesabu ya maji. Yalikuwa yamepwa kabisa. Yangeanza kujaa muda si mrefu, na saa sita Trudi angefungua pampu kuvuta maji ya mto kuingiza mabwawani, kwani kwa joto lile mabwawa yalikuwa yamepungua shubiri nzima. Mdomo wa bomba lake uko mita mia nne tu kutoka mahali Baba anapopenda kuvulia. Mtu mwenye akili angempigia Trudi palepale. Mimi niliona haya, nikaogopa. Nikajiambia labda Baba hajaanza. Nikawasha gari nikaenda.

Pale mtoni maji yakipwa mchanga unatandazika mbali, unang'aa, hata hujui mto uko wapi na mbingu iko wapi. Nilivua viatu nikaanza kukimbia. Nilifika katikati, nikasimama, maana mbele yangu ardhi ilikuwa inatembea.

Walikuwa kaa askari. Nimewaona maisha yangu yote, lakini wengi hivi sikuwahi kuwaona. Walikuwa maelfu kwa maelfu, kila mmoja wa mviringo na wa buluu kama gololi, na kinyume cha kaa wote duniani hawa hutembea kwenda mbele. Walijaza mchanga kutoka miguuni pangu hadi kwenye mikoko. Hawana sauti, ila miguu yao yote kwa pamoja ilitoa mchakacho mdogo, kama mvua inayoanza juu ya majani makavu. Nilipopiga hatua walioko mbele walijizungusha wakazama mchangani, na nyuma yangu wengine wakaibuka na kuendelea na safari. Ngozi ilinisisimka. Nikakumbuka kwamba kirusi kile hakichagui kamba peke yao, kaa nao wanakibeba. Miaka sita nilikuwa nikihubiri kwa ajili ya mabwawa, kwa ajili ya kazi yangu na ya Trudi. Sikuwahi kuwawazia hawa. Mto mzima ulikuwa unapita mbele yangu kwa miguu yake, na mimi ndiye niliyeuweka ule mfuko kwenye friza.

Baba alikuwa ameketi juu ya ndoo yake ukingoni mwa mkondo, mshipi mapajani.

"Baba, una chambo gani?"

"Habari ya asubuhi nawe pia."

"Baba, weka mshipi chini."

Akauweka polepole, akininung'unikia. Ndoana ilikuwa tupu. Mfuko mweupe ulikuwa kando yake, umefunguliwa.

"Kamba wako," akasema. "Wale ulioniwekea frizani. Nikasema leo binti kafanya jambo. Mgongo huu hauwezi tena kusukuma lile bomba, na sikumwambia mtu. Nikasema kumbe ameona mwenyewe."

Sijui kama kuna maneno yaliyowahi kunichoma kuliko hayo. Nikachuchumaa mbele yake nikamweleza: ni kamba wa wifi, ni wa dukani, walikuwa wanangoja gari la taka, na niliyewaweka pale ni mimi. Nilimwona akielewa. Mashavu yake yalilegea. Huyu ni mtu ambaye huwasuta wenzake gatini kwa jambo hilo hilo.

"Umetumia wangapi?"

"Watatu. Huyu wa nne nilitaka kumtundika sasa hivi." Alifungua kiganja, na kweli alikuwamo, ameyeyuka, mweupe. Akamrudisha mfukoni kama mtu anayerudisha risasi. Kisha ile fahari yake ya zamani ikamrudia kidogo. "Watatu, na nimevua changu watatu. Mimi sipotezi chambo, Joss. Kamba mmoja, samaki mmoja. Wamo matumboni. Hakuna aliyebaki mtoni."

Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini. Akainuka, akafunua ndoo. Changu watatu, wanene, wa rangi ya fedha. Tukatandaza fulana yangu juu ya kifuniko ili tone lisianguke mchangani, naye akatoa kisu.

Wa kwanza alipopasuliwa, kamba alikuwamo mzima, hata hakutafunwa. Baba akaniangalia kwa ushindi. Wa pili alikuwa na kamba aliyekatika vipande viwili, nikavipanga fulanani vikakutana. Wa tatu alikuwa na maganda ya kaa na matope. Baba akaingiza kidole gumba. Akalipindua tumbo nje ndani. Akafungua mdomo wa samaki, akachungulia matamvuani, akarudi tumboni mara ya pili, na mara ya tatu.

"Ndoana ilikuwa tupu nilipomtoa," akasema. "Nilidhani kammeza."

"Labda kamtema."

"Labda."

Sote wawili tukageuka kuutazama mto. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Huwa hayana haraka, yanalamba mchanga kidogo kidogo, yanaingia kwenye nyayo zako na kuzijaza. Kwa upana ule, ng'ambo ya pili mikoko ilionekana kama ukoka. Mahali fulani humo ndani palikuwa na kipande cha nyama kisichozidi kidole changu cha mwisho. Kama kilikuwa kimebeba kitu, kile kitu huwezi kukiona hata ukiwa na macho ya mwewe, na kingeweza kuumaliza mto huu kwa namna ambayo mafuriko hayakuweza, wala ukame. Nilijiona mdogo siku ile, na bado kosa langu dogo lilikuwa kubwa mno.

Nikampigia Trudi.

Nilimwambia yote bila kupumua. Upande wa pili nikasikia mapanga ya mashine za hewa yakichapa maji ya mabwawa.

"Nani aliuweka mfuko pale?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe."

"Mimi, Trudi."

"Sawa," akasema. "Nafunga pampu. Usimruhusu mzee amwage hata maji ya ndoo." Akakata simu.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Mchana ule nilipiga namba ya kutoa taarifa, na kabla ya jioni akaja afisa wa uvuvi, kijana mpole aitwaye Sandeep. Akachukua mfuko, samaki, ndoo, hata fulana yangu. Akasema watu wengi hufanya tulichofanya, ila wachache hupiga simu. Alidhani ananifariji. Siku zilizofuata akarudi na wenzake, wakakusanya kaa na kamba wa mtoni kutoka kila upande, wakawapeleka maabara, wakasema watarudi tena baada ya majuma mawili, kwa maana ugonjwa huu hauji siku hiyo hiyo.

Pampu zilifungwa siku ishirini na sita. Januari hiyo kulikuwa na joto la kichaa. Maji ya mabwawa yakashuka, yakawa mazito na ya kijani, mapanga yakazunguka usiku na mchana ili kamba wasikose hewa. Mabwawa mawili ilibidi tuyavune kabla ya wakati, kamba wangali wadogo wa kusikitisha. Trudi alizungumza nami mambo ya kazi tu: lishe, hewa, lishe. Sikumlaumu. Mwanamke huyu alishayazika mabwawa kumi na moja, na safari hii aliyeleta balaa alikuwa mtu wa mkono wake wa kulia.

Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kuinua sinia la lishe kutoka chini ya bwawa na kuwakagua kamba waliolidandia. Miaka yote nilifanya hivyo kama mtu anavyokunja nguo. Siku zile nilikuwa namweka kamba kiganjani na kumwelekeza juani. Kamba mwenye afya unamwona ndani kama kioo. Unauona utumbo wake, uzi mmoja mweusi mgongoni, umejaa vizuri. Unauona moyo nyuma ya kichwa, mdogo kuliko punje ya mtama, ukipiga haraka haraka bila kujua kwamba kuna mtu anauhesabu. Nilitafuta madoa, nikakuta moyo. Mara nyingine nilisahau kumrudisha, mpaka yeye mwenyewe aliporuka. Si mtu wa dini mimi, lakini asubuhi zile nilikuwa nazungumza na kitu fulani pale bwawani, nikikiomba.

Baba naye hakuvua tena. Alikuwa anakwenda gatini bila mshipi, anakaa kwenye benchi na kumwambia kila mpita njia kisa chake, kuanzia kwenye friza hadi kwenye tumbo la changu wa tatu. Mmoja akamtania kwamba uzee umemfanya mhubiri kama binti yake. Baba akamjibu kwamba heri mhubiri kuliko mchawi, na yeye nusura awe mchawi. Nilimwambia asinitaje. Alinitaja kila mara.

Mwishoni mwa Januari Sandeep akapiga simu. Kaa wote na kamba wote wa mtoni, wa mara ya kwanza na wa mara ya pili, walikuwa safi. Nilikuwa na Trudi kwenye ukuta wa bwawa la sita. Alinisikiliza, akaketi chini palepale kwenye changarawe, akalia kwa sauti kama mtoto, nami nikaketi kando yake nikalia vilevile. Kisha akainuka akafungua pampu. Maji ya Karrawin yalipoanza kuingia aliuweka mkono wake chini ya bomba, akauacha hapo.

"Friza ile," akasema bila kunitazama, "iuze."

"Nimeshaivunja kwa shoka."

Akacheka. Ndipo nikajua kwamba nina kazi bado.

Nilianza kumsukumia Baba bomba mchangani kila Jumamosi. Akarudi kuketi mtoni juu ya ndoo mpya, akarudi na maringo yake pia. Ilipofika Machi kisa kilikuwa kimegeuka mdomoni mwake. Sasa kilikuwa kisa cha wanawake wawili waliofunga shamba zima kwa ajili ya kamba ambao huenda walikuwa wazima kama yeye. "Makelele yale yote," alikuwa akiwaambia wenzake, "kwa kamba watatu." Na mimi, nikiri, nilikuwa nimeanza kufikiri hivyo. Ni vizuri kufikiri hivyo. Unalala.

Sandeep alipiga tena Jumanne moja, tukila chakula cha mchana. Alikuwa akifunga jalada letu. Alisema ule mfuko ulipopimwa mara ya kwanza jibu halikueleweka, wakaupeleka maabara kubwa ya kusini, na huko kulikuwa na foleni. Sasa jibu lilikuwa limekuja. Waliwapima kamba ishirini kutoka mfuko ule. Kumi na tisa walikuwa na kirusi.

Nilimshukuru. Nikaiweka simu mezani. Baba alikuwa na uma mkononi, ananitazama.

"Mfuko," nikasema. "Ulikuwa nacho kile kirusi."

"Wangapi?"

"Karibu wote."

Aliteremsha uma. "Na wale watatu wangu?"

"Wametoka mfuko mmoja, Baba."

Nilimwona akihesabu upya: wa kwanza mzima, wa pili vipande viwili. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Basi yule wa tatu alikwenda wapi?" akauliza.

"Sijui."

"Kuna anayejua?"

"Hakuna. Labda samaki mwingine alimmeza. Labda mwewe alimnyakua. Hakuna atakayejua kamwe."

Akainuka, akatoka, akashuka njia ya mtoni kwa ule mgongo wake, nami nikamfuata kwa kuwa sikujua la kufanya. Maji yalikuwa yanajaa. Mto ulikuwa umetulia, mpana, hauna neno kwa mtu, na mbele ya mikoko samaki wadogo walikuwa wakirukaruka kama siku nyingine yoyote. Tulipewa nini siku ile, na nani alitupa, na kwa nini mto huu na si yale mabwawa ya kusini, najiuliza hata leo.

Baba alisimama ukingoni. Kisha akavua kofia yake, mzee ambaye hakumvulia kofia hata askofu, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Nilisimama kando yake mpaka maji yakatufika vifundoni, kisha nikamshika mkono tukarudi nyumbani.